Macho ya Mtoto wa Nanyokie

Mtungi wa oksijeni ulitakiwa utuchukue siku sita. Asubuhi ya siku ya tatu niliangalia saa yake ya kipimo nikakuta mshale umeshuka karibu na alama nyekundu. Nikagonga kioo kwa kucha, kwa sababu mshale ule ulikuwa na tabia ya kukwama. Haukuwa umekwama. Hewa ilikuwa inakwisha kweli.

Ilikuwa masika ya mwaka 1983. Hospitali yetu ndogo, nje kidogo ya Karatu, ilikuwa na mitungi miwili: huo, na mwingine mtupu uliokuwa unangoja kupelekwa Arusha kujazwa. Gari lilikuwepo. Petroli haikuwepo.

Nilichukua kipande changu cha mwisho cha sabuni, nikapaka povu kwenye kila kiungo cha mpira nione kama panavuja. Hapakuvuja. Kilichobaki ni mkono wa mtu.

Watu waliolala karibu na mtungi ule walikuwa watatu. Mmoja alikuwa na uzito wa kilo moja na robo, asingeweza kufungua kitu. Wa pili alikuwa mama yake, Nanyokie, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Arash aliyeolewa Nainokanoka, na huyo hakuthubutu hata kusogeza shuka bila kuuliza. Wa tatu alikuwa mama mkwe wake, Nalangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu.

"Koko," nikamwambia, maana ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi, "umegusa koki ya mtungi?"

"Nimegusa."

"Mara ngapi?"

"Kila ukitoka."

Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa kama amekunywa chai. Nikavuta pumzi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nimezoea kuulizia makosa, lakini nimezoea watu wanaokana kwanza.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unapunguza." Akanyoosha kidole kwenye chupa ya maji iliyounganishwa na mtungi, ile ambayo hewa hupita ndani yake ikitoa mapovu. "Siku tulipokuja ulisema mwenyewe, hii hewa ndiyo inayomshika mtoto duniani. Nimesikia kwa masikio yangu. Mapovu yalikuwa mengi, mtoto akawa mzuri. Halafu unakuja, unapunguza. Unarudi, unapunguza tena. Nikajiuliza, huyu Mmbulu anambania mjukuu wangu kitu gani?"

Nanyokie akainamisha kichwa. Nilikuwa nimesema hivyo kweli.

Mtoto alizaliwa ana miezi saba. Walishuka kutoka mlimani kwenye lori la mahindi, mama ameanza uchungu njiani, na nilimpokea mtoto mlangoni hata kabla sijavaa glavu. Alikuwa na rangi ya jivu. Nilimweka kichwa ndani ya boksi la plastiki, nikafungulia hewa kwa nguvu, na ulimi wake ukawa mwekundu mbele ya macho ya bibi yake. Nikamwambia neno la kumtuliza, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Kumwambia nusu ya pili nilisahau.

Nusu ya pili ni hii. Hewa ile ni dawa, na kama dawa yoyote ina kipimo. Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya uuguzi na ukunga, mkufunzi wetu alitueleza kwamba miaka ya arobaini na hamsini, katika hospitali tajiri za ng'ambo, maelfu ya watoto njiti walipewa oksijeni nyingi, wakapona mapafu, wakatoka hospitali vipofu. Ilichukua miaka mingi watu kugundua kwamba ni ile hewa. Kwa hiyo alitufundisha utaratibu: unapunguza kidogo kidogo, unaangalia ulimi. Ukianza kupoteza wekundu, unaongeza kidogo tu, unaishia hapo. Baada ya nusu saa unajaribu tena. Usiangalie ngozi, kwa mtoto mweusi itakudanganya. Angalia ulimi na fizi.

Basi siku mbili nzima mimi napunguza, Nalangu anaongeza.

Nilifunga koki mpaka kwenye kipimo, nikavuta kibao nikakaa. "Sasa nisikilize, Koko. Huyu mtoto anaweza kuwa kipofu."

Nilisema hivyo hivyo. Watu wananilaumu kwa kutozungusha maneno, lakini nilikuwa nimeshaona matunda ya kunyamaza.

Nalangu hakupepesa. "Kwa hewa?"

"Kwa hewa iliyozidi."

"Hewa haizidi. Hata huko nje iko nyingi, na mimi naona."

"Ya nje imechanganyika. Hii ya mtungi ni kali." Nikatafuta maneno ya jikoni. "Nyuma ya jicho, ndani kabisa, kuna utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Ndio unaoona. Umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zinaitwa seli, na seli za hapo zimejaa mafuta kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Siagi ukiiacha wazi, inakuwaje?"

"Inachacha. Hata mbwa anaikataa."

"Kinachoichachisha ni hewa. Na jicho ni hivyo hivyo. Hewa ikizidi, mafuta ya seli yanachacha, seli zinaumia, na mishipa midogo inayozipelekea damu inakatika au inaacha kukua."

"Mbona mimi nimekaa na mafuta hayo miaka sitini na hayajachacha?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa na wanafunzi wa uuguzi.

"Kwa sababu seli zako zinajilinda. Ndani ya yale mafuta kuna walinzi. Mmoja ni vitamini E: hewa kali ikija, anajitanguliza yeye, anaharibika yeye, mafuta yanabaki salama. Wengine wanakuja nyuma yake, wanaizima ile sumu au wanamrudishia nguvu asimame tena. Kazi hiyo haikomi, hata sasa unaponiangalia kwa hasira inaendelea. Lakini walinzi hao mtoto anawakusanya miezi ya mwisho tumboni. Huyu alitoka kabla hajawakusanya."

"Kama kibuyu ambacho hakijafukizwa," akasema Nalangu taratibu. Wao husugua kibuyu cha maziwa kwa kinga cha mti wa oloirien, mzeituni wa porini, ili maziwa yasiharibike. Bila hivyo hakuna mwanamke wa boma atakayeyamimina humo.

"Kama hicho."

"Basi mfukize macho."

Nilimtazama nione kama ananitania. Alikuwa ananitania, ila macho hakuyaondoa kwa mtoto.

"Hayafukizwi," nikasema. "Walinzi wanaongezwa kwa njia ya mdomo. Wako kwenye maziwa ya mama, na wamejaa zaidi kwenye maziwa yale ya kwanza, ya njano. Nanyokie, jana nilikupa kikombe ukamue. Uliniambia hayajatoka. Leo je?"

Nanyokie akamwangalia mama mkwe wake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaniangalia mimi.

"Yalitoka tangu juzi," akasema. "Koko aliniambia niyamwage. Nimeyamwaga nyuma ya jengo la kufulia."

Nilisimama. Nilikwenda dirishani nikarudi. Siku mbili nilikuwa namlisha mtoto maji ya glukosi kwa mpira wa puani, nikimsikitikia binti kwa kifua kikavu, na dhahabu yote ilikuwa imeingia kwenye tope la wafuaji.

"Ni machafu," Nalangu akasema. "Mazito, ya njano. Kwetu tunayakamua kwanza. Mtoto tunampa siagi kidogo, tunangoja maziwa meupe."

"Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza mnayafanyaje?"

"Anayanyonya ndama."

"Hamyamwagi?"

"Umerogwa? Ndama asiponyonya yale atakufa. Hata mtoto mdogo anajua."

Kwenye kitanda cha tatu mgonjwa mmoja, mama wa Kiiraqw, Mmbulu kama mimi, aliyekuwa amejifunika shuka mpaka puani, alicheka.

"Wewe unacheka nini?" Nalangu akamgeukia.

"Sicheki, bibi. Nakohoa."

"Mtoto si ndama," Nalangu akaniambia, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Si ndama, kweli. Ndama anasimama siku anayozaliwa. Huyu hata kunyonya hajui. Sasa nani anayahitaji zaidi?"

Alikaa akizungusha bangili mkononi. Halafu akamwambia Nanyokie maneno mawili matatu ya Kimaa, makali, na binti akachukua kikombe akageukia ukuta. Yalitoka kama kijiko kimoja na nusu, bado ya njano. Niliyavuta kwa bomba la sindano nikayapitisha kwenye mpira, polepole. Nalangu aliangalia kila tone likishuka.

"Yote?" akauliza.

"Yote. Na kila baada ya saa mbili tena."

Mtungi uliisha kesho yake, kabla ya saa sita mchana. Wilibrodi, dereva wetu, alikuwa ameshazunguka Karatu nzima na madebe mawili akitafuta petroli, akarudi na madebe yale yale. "Mama Martini," akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama watu wote, "wameniambia labda Alhamisi." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mapovu yaliposimama, Nalangu alishika kichwa. "Nimemuua," akasema.

"Bado hajafa. Nisaidie kumvua."

Nilimtoa mtoto kwenye boksi, nikamvua nguo zote isipokuwa nepi na kofia, nikamwambia Nanyokie afungue shuka zake. Nilimweka wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, nikawafunga pamoja kwa kanga yangu na juu yake shuka mbili nyekundu. Sikuwa nimesoma hilo mahali popote. Nilikuwa nimefikiri tu kwamba mtoto mwenye joto hatumii nguvu kujipasha, na asiyetumia nguvu anahitaji hewa kidogo. Tena kifua cha mama kinapopanda na kushuka, kinamkumbusha mtoto kupumua.

Nilikaa hapo nikiangalia ulimi. Ulififia kidogo, nikasema moyoni, haya. Halafu ukarudi. Ukabaki hivyo, si mwekundu sana, si wa jivu. Saa nane ulikuwa vilevile. Saa kumi vilevile. Hewa ya Karatu, ya kawaida, ya bure, ilikuwa inamtosha. Huenda ilikuwa inamtosha tangu jana.

Alhamisi petroli ilipatikana. Mtungi uliojaa ulirudi Ijumaa, na mtoto hakuuhitaji tena. Nalangu na Nanyokie walipokezana kumbeba. Mume wa Nanyokie, Saruni, alipokuja kuwaona alimkuta mama yake mzazi amekaa kitako kifua wazi, mjukuu amefungwa ndani ya shuka, akapiga hatua nyuma mpaka uani. "Usikimbie," Nalangu akamfokea. "Wewe mwenyewe ulitoka hapa."

Lakini macho yalibaki.

Hilo ndilo jambo ambalo wenye furaha ya wodini hawakuliona. Mtoto anaongezeka uzito, analia, ananyonya mwenyewe tangu juma la nne, na hakuna anayejua kama anaona. Macho ya mtoto njiti hayaharibiki siku ile unayompa hewa. Mishipa ikishadhurika inatulia kwa majuma kadhaa, kisha inaanza kuota upya ovyoovyo, na ikiota vibaya inauvuta ule utando mpaka unabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Hapo hapana la kufanya, si kwetu wala, wakati ule, kwingi kwingine. Kwa hiyo nilikataa kuwaruhusu waende Nainokanoka kabla daktari wa macho hajaja.

Daktari Josephati alikuwa anakuja kutoka Moshi kila mwezi, Mungu na barabara wakipenda. Alifika mtoto akiwa na majuma matano. Tulimtia matone ya kupanua mboni, tukafunga mapazia, akavaa taa yake kichwani na kushika lenzi mbele ya jicho dogo kama punje ya hindi. Mimi nilishika kichwa cha mtoto. Nalangu alikuwa amegandamia ukutani.

Alichukua muda mrefu. Jicho la kulia, la kushoto, tena la kulia.

"Kuna mstari," akasema hatimaye. "Macho yote mawili. Mishipa imefika pale, ikasimama, ikajenga kama tuta. Mbele ya tuta hakuna kitu."

"Itabanduka?"

"Sijui, sista. Mingine inajinyoosha yenyewe na kuendelea na safari. Mingine haijinyooshi. Alipewa hewa kiasi gani?"

Nilimweleza bila kuficha. Siku tatu, na kilichotokea katika siku hizo. Nilisema kosa lilikuwa langu la kutoeleza. Nalangu alielewa kwamba nasema juu yake, akasogea.

"Daktari, mimi ndiye niliyefungua. Nimempofusha?"

Daktari Josephati aliniangalia. Yeye alikuwa mtu mpole, wa kutafuta maneno mazuri. Nikamtangulia.

"Inawezekana, Koko. Inawezekana pia hapana."

Nalangu alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa bei na kuikubali. Nilimheshimu sana saa ile.

"Tufanye nini?" akauliza.

"Maziwa ya mama tu," daktari akasema. "Na joto. Huko ng'ambo wanawapa watoto kama hawa matone ya vitamini E, wengine wanasema yanafaa, wengine wanabisha, bado hawajakubaliana. Mimi sina matone hayo hata nikitaka. Ila kila juma linalopita, seli zake zinajijengea ulinzi wake zenyewe. Mpeni hayo majuma."

"Na mama ale nini?" Nalangu alikuwa hajamaliza. "Maziwa yanatoka kwenye chakula. Ng'ombe akila majani makavu, maziwa yake hayana rangi."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Majani mabichi, basi. Mafuta, karanga, mayai."

Tangu siku ile nyuma ya wodi pakawa na vita. Nanyokie hakuwa amewahi kula yai wala mchicha katika maisha yake, na mchicha aliuona kuwa chakula cha mbuzi. Nalangu, ambaye naye hakuwa amewahi kuula, alisimama juu yake. "Kula! Mimi nimemkosea huyu mtoto, wewe umemkosea nini? Kula." Mchicha ulitoka kwenye bustani yangu. Karanga alizileta yule mama wa Kiiraqw wa kitanda cha tatu, Blandina, ambaye alikuwa ameshapona na kurudi kwao Endabash, lakini alipita kila siku ya mnada kumtania Nalangu.

"Bibi, leo unakula majani kama sisi Wambulu?"

"Nakula. Na usiku nasikia nataka kulima. Kamroge mwingine."

Daktari hakuja mwezi uliofuata. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Alikuja mtoto akiwa na majuma kumi na moja, na siku hiyo sikumruhusu hata anywe chai kwanza.

Mapazia, matone, taa. Nilishika kichwa cha mtoto na safari hii kilikuwa na nguvu ya kukataa, ikabidi Nanyokie ashike miguu. Daktari Josephati alizungusha lenzi, akamwinamia kutoka upande huu, akahamia upande ule.

"Kulia pamefika," akasema. "Mishipa imevuka tuta. Imenyooka mpaka ukingoni. Sipaoni hata mahali tuta lilipokuwa."

"Kushoto imevuka pia, ila kwa upande wa nje kuna pembe imebaki. Kovu dogo. Labda jicho hili litakuwa na uoni hafifu pembeni, labda atavaa miwani. Utando umeshika. Haubanduki."

"Anaona?" Nalangu akauliza.

"Ana vya kuonea, bibi. Kuona kwenyewe atajifunza."

"Ni ile hewa iliyokwisha ndiyo iliyomwokoa? Au maziwa?"

"Sijui. Kweli sijui. Huenda vyote, huenda mwenyewe tu."

Nalangu alikaa chini sakafuni, pale pale, akafunika uso kwa shuka. Kisha akainuka akanishika mkono, mkono wake ulikuwa mkavu na mzito, akasema, "Siku nyingine useme yote. Sisi si watu wa nusu."

"Nitasema yote," nikamjibu. Tangu mwaka ule, kila mtungi unapofunguliwa katika wodi yangu, namwita bibi wa mtoto kabla sijashika koki.

Waliondoka Karatu juma lile, wakapanda juu Nainokanoka na mvua. Mtoto wakampa jina Nasha, kwa ajili ya mvua. Niliandika kwenye kadi yake tarehe ya kurudi nikiwa na mashaka, maana ni safari, na ng'ombe hawangoji kadi.

Walirudi Novemba, siku ya kliniki ya watoto. Nilikuwa kwenye mizani nikiandika uzito wa mtoto wa mtu mwingine niliposikia "Takwenya!" mlangoni, salamu yao ya wanawake, nami nikaitikia "Iko!" kwa Kimaa changu cha kuvunjika. Nalangu alikuwa mbele. Nanyokie, ambaye sasa alitembea ameinua kichwa, alimfungua mtoto mgongoni akamgeuza kwangu. Ana kilo sita na nusu, ana shingo ngumu, ana shanga za buluu. Nikasogea na gauni langu jeupe na stetoskopu shingoni, nikiwa tayari na maneno ya kumsifu.

Nasha alikunja uso, akaachama, akalia kilio ambacho kilinyamazisha foleni nzima.

"Ana nini?" nikauliza, nikarudi nyuma. "Amekuwa mgonjwa? Ana homa?"

Nalangu alicheka mpaka akashika nguzo.

"Homa gani, Mama Martini? Amekuona."